Kiwanja Kilicho Juu ya Hoteli

Kazi yangu ni kukagua viwanja vya helikopta. Wenye hoteli huniuliza swali moja karibu kila mara: tukichora H kubwa juu ya paa, mgeni si atashuka moja kwa moja kutoka angani? Kuchora ni rahisi. Kazi ni kile kilichobeba ile rangi.

Jukwaa la juu ya jengo halipimwi kwa helikopta iliyotua taratibu. Hupigiwa hesabu ya helikopta inayojibamiza, na miongozo ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hutaja takribani mara 2.5 ya uzito wake wa juu wa kurukia. Mzigo huo hushuka kwa nguzo hadi msingi, ukipita katikati ya vyumba vya wageni. Kisha kuna upepo. Ukigonga ukuta wa jengo hupanda, ukifika ukingoni hujikunja na kuzunguka palepale rubani anapotafuta utulivu. Ndiyo maana jukwaa zuri huinuliwa mita kadhaa juu ya paa, hewa ipite chini yake. Na injini moja ikizima wakati wa kuruka, lazima rubani aweze kurudi jukwaani au kuendelea kupaa kwa ile iliyobaki. Jirani akijenga ghorofa refu kukuzidi, anaziba njia hiyo ya kupaa, na kiwanja chako kimekufa bila mtu kukigusa.

Ajali iliyobadilisha mawazo ya watu haikutokea hotelini, ila hakuna mwenye hoteli asiyepaswa kuijua. Juu ya jengo la Pan Am, New York, helikopta za shirika la New York Airways zilianza kupeleka abiria uwanja wa ndege wa JFK mwaka 1965. Safari zilisimama mwaka 1968, zikarudi mwanzoni mwa 1977. Tarehe 16 Mei mwaka huo, helikopta ya Sikorsky S-61 ilikuwa imesimama juu ya paa, mapanga yakizunguka, abiria wakipanda. Mguu mmoja wa magurudumu ukavunjika kwa sababu ya chuma kilichochoka, na helikopta ikalala ubavu. Mapanga yaliua watu wanne pale juu. Kipande kimoja kiliruka hadi mtaani na kumuua mpita njia. Huyo wa tano ndiye ninayemfikiria zaidi: hakukata tiketi, wala hakujua kwamba juu yake kuna kiwanja. Kiwanja kilifungwa, hakikufunguliwa tena.

Kilichobaki ni hoja ya kuokoa watu jengo likiungua moto. Mwaka 1972 jengo la Andraus liliungua São Paulo, Brazil, na mamia ya watu wakaokolewa kwa helikopta kutoka juu. Miaka miwili baadaye likaungua la Joelma katika jiji hilohilo. Watu wakakimbilia paani kusubiri helikopta, lakini hapakuwa na mahali pa kutua, na moshi na joto vikawazuia marubani kusogea. Wengi walifia pale. Los Angeles ikaagiza mwaka 1974 kwamba majengo marefu yawe na paa la bapa la kutulia helikopta, hoteli zikiwemo, na kwa miaka 40 mandhari ya jiji lile ikawa ya vichwa vilivyokatwa. Sharti lililegezwa mwaka 2014. Jengo la Wilshire Grand, lenye hoteli ya InterContinental, lilifunguliwa mwaka 2017 likiwa na mnara uliochongoka. Mimi nakubaliana na uamuzi huo. Vinyunyizio vya maji, ngazi zisizoingia moshi na lifti za zimamoto huokoa watu wa ghorofa zote; helikopta hubeba wachache kwa zamu, tena moshi ukiruhusu.

Hoteli zilizobaki na viwanja vyao zimevipa kazi nyingine. The Peninsula ya Hong Kong ilijenga viwanja viwili juu ya mnara wake wa mwaka 1994. Kule Dubai, jukwaa la Burj Al Arab liko mita 210 hivi juu ya bahari, na limekuwa jukwaa kweli: Federer na Agassi walicheza tenisi pale mwaka 2005, na mwaka 2023 rubani Luke Czepiela alitua juu yake kwa ndege ndogo ya mabawa, penye upana wa mita 27 tu. Hata KICC, jengo la mikutano la Nairobi, ambalo si hoteli, lina kiwanja chake kileleni. Siku hizi watu hupanda kutazama jiji na kupiga picha wakiwa wamesimama juu ya ile rangi.