Watu wa Miraba Minne Juu ya Kadi: Tunayodhani na Yaliyokuwa

Kila nikifungua sanduku langu la picha, mgeni huniuliza swali lile lile: "Hawa ni ndugu za nani?" Swali lenyewe lina sababu. Picha ni ya kahawia, imebandikwa juu ya kadi ngumu yenye urefu wa sentimita 16.5 na upana karibu 11, na chini pana jina lenye madoido. Mtu huona albamu ya ukoo fulani wa Ulaya iliyotupwa jalalani. Kumbe picha hizi za waigizaji, waimbaji na wanyanyua vyuma zilikuwa bidhaa. Kadi za kabineti, kama zinavyoitwa, ziliingia sokoni London mwaka 1866, zikatamba hadi karne ilipokuwa inageuka. Zilipangwa madirishani mwa maduka na kununuliwa na watu ambao hawakuwahi kupeana mkono na aliyepigwa picha. Anayezikusanya asipolishika hilo, mengine yote atayasoma kombo.

Tuanze na lile jina. Wengi hudhani ni la mwigizaji. Mara nyingi ni la studio. Ukiona "Sarony" kwa mwandiko wa mikogo, huyo ni Napoleon Sarony, mzaliwa wa Quebec aliyekuwa na studio Union Square, New York. Mtu huyu aliwalipa wasanii ili wakubali kukaa mbele ya kamera yake. Sarah Bernhardt, mwigizaji wa Kifaransa, alipata dola 1,500 mwaka 1880. Fedha hizo zilirudi kwa kuuza kadi. Ndiyo maana kampuni moja ya uchapaji ilipotoa nakala 85,000 za picha aliyompiga mwandishi Oscar Wilde bila ruhusa, Sarony alikwenda mahakamani. Wale wachapaji walijitetea kwamba picha ni kazi ya mashine, haina mtunzi. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia: Sarony ndiye aliyempanga Wilde, akachagua mavazi, mkao, mwanga na kivuli, kwa hiyo picha ni utunzi wake. Hakimiliki ya picha nchini humo imesimama juu ya kesi hiyo. Ninaposikia mtu akisema mpigapicha wa zamani alikuwa mbonyeza kitufe tu, huwa namsimulia kisa hiki chote, hata chai ikipoa.

Dhana ya pili ni hii ya kwamba waliopigwa picha hawakutabasamu kwa sababu walilazimika kuganda dakika nzima. Katika miaka ya 1840 suala la kuganda lilikuwa na ukweli. Kufikia miaka ya 1880, bamba kavu za jelatini, yaani vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa mwanga, zilikuwa zimeshapunguza muda huo hadi sekunde chache au chini ya hapo. Uso mkavu ulikuwa adabu ya mbele ya kamera. Tena waigizaji wa vichekesho wapo kwenye kadi wakiwa wamekenua meno yote.

Na picha hizi hazikupigwa jukwaani maonyesho yakiendelea. Mwanga wa kumbi za maonyesho haukutosha. Msanii alibeba mavazi yake hadi studio, akasimama mbele ya pazia lililochorwa msitu au kasri, karibu na mwamba wa bandia. Dari la studio lilikuwa la vioo ili jua lishuke, ingawa Henry van der Weyde alikuwa akitumia umeme katika studio yake ya Regent Street, London, tangu 1877.

Van der Weyde ananileta kwa mnyanyua vyuma Eugen Sandow, na hapa ndipo dhana inayoniudhi kuliko zote: kwamba zamani picha haikudanganya, uongo umeletwa na kompyuta. Sandow, mzaliwa wa Königsberg mwaka 1867, alipata jina London mwaka 1889 alipomshinda jukwaani mbabe aliyejiita Sampson. Mwaka huo huo alipigwa picha na van der Weyde, na baadaye akafika kwa Sarony na kwa Benjamin Falk huko New York. Mwilini hana kitu ila jani. Angalia mkao: uzito wote mguu mmoja, kichwa kimeinama. Ni mkao wa masanamu ya kale ya Ugiriki na Roma. Sandow alijipaka unga mweupe ili ngozi ifanane na marumaru, na taa ikawekwa ubavuni ili kila msuli utupe kivuli chake.

Kisha kazi ikahamia kwenye negativu ya kioo, yaani kile kioo chenye taswira iliyogeuzwa, peupe pakiwa peusi, ambacho picha ya karatasi ilichapwa kutoka kwacho. Fundi alishika kalamu ya risasi na kugusagusa: palipoguswa mwanga ulizuiwa, pakatoka peupe kwenye karatasi. Makunyanzi yakafutika hivyo. Palipokwanguliwa kwa kisu pakatoka peusi, na kwa njia hiyo kiuno cha mwigizaji wa kike kilichongwa kikaingia kwenye pazia jeusi nyuma yake. Shika kioo cha kukuzia, tazama ukingo wa kiuno. Mara nyingi utaona mstari usiofuata mkunjo wa nguo.

Kuna pia wanaodhani nguvu za jukwaani zilikuwa za wanaume weupe peke yao. Miss La La alizaliwa mwaka 1858 huko Stettin, akaitwa Anna Olga Albertina Brown, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika. Alining'inia juu ya watazamaji akiwa ameshikilia mzinga kwa meno, na mzinga huo ukafyatuliwa. Watu wanamjua kwa mchoro wa Degas, mchoraji wa Kifaransa, wa mwaka 1879; lakini alipigwa picha pia, na humo macho yake yanakutazama moja kwa moja, jambo ambalo mchoro haukumpa. Waimbaji wa kwaya ya African Choir kutoka Afrika Kusini nao walizuru Uingereza mwaka 1891, wakapigwa picha na kampuni ya picha ya London Stereoscopic Company. Negativu zao za vioo zilikaa ghalani zaidi ya miaka 120 kabla ya kuonyeshwa London mwaka 2014.

Kuhusu bei: ukongwe peke yake haulipi. Kadi za nyota wakubwa zilitolewa kwa maelfu, na bado zipo tele. Na saini ikiwa imechapwa pamoja na picha si saini ya mkono.

La mwisho, usafi. Niliwahi kununua kadi yenye vumbi, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji. Ilipokauka, uso wake ulikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Karatasi hizo zilipakwa ute wa yai. Kiwanda kimoja cha Dresden kilitumia mayai 60,000 kwa siku. Ute ukilowa hufura, ukikauka hupasuka. Tangu siku hiyo natumia brashi laini tu, nashika kadi kingoni, na kila moja inalala ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kabatini, mbali na dirisha na mbali na unyevu wa masika.