Je, wajua kwa nini viwanja huisha hata kwenye gemu?

Kabla ya Aprili 2022, ukipita mitaa ya makazi ndani ya gemu ya mtandaoni Final Fantasy XIV (FFXIV) ungekuta kioja. Mashujaa waliovaa deraya za thamani, mapanga mgongoni, wamesimama mbele ya kiwanja kitupu wakibofya kibao cha tangazo. Wanabofya tu. Saa moja, saa tano, wengine mpaka alfajiri. Kiwanja kilichoachwa na mwenyewe kilikuwa na saa ya siri ndani yake. Ikifika, atakayewahi kubofya ndiye mwenye nyumba, na hakuna aliyejua itafika lini.

Sasa, ardhi hiyo haipo. Ni namba kwenye kompyuta. Haina mto wala bonde, na hakuna mzee wa ukoo anayeikataa kuuzwa. Kwa nini basi watu waigombanie? Si wenye gemu waongeze tu?

Jibu linaanzia mahali nyumba ilipowekwa. Gemu za mtandaoni zina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuijenga nyumba nje, kwenye dunia ileile wanamopita watu wote. Ya pili ni kuificha nyuma ya mlango, ambako kila mtu hupata dunia yake ndogo.

Ultima Online, iliyotoka 1997, ilichukua njia ya kwanza bila kusita. Ulinunua hati ya nyumba, ukaitia mkobani, ukaanza kutembea ukitafuta ardhi tambarare isiyo na mtu wala mti. Mwanzoni ilipatikana. Baadaye watu walizunguka na hati zao wiki nzima, kila uwanda umejaa vibanda, minara na makasri ya waliowahi. Mwaka 2000 waendeshaji waliongeza ardhi kwa kuiiga dunia nzima mara ya pili, na nayo ikajaa.

Halafu kulikuwa na funguo. Nyumba za mwanzo zilifunguliwa kwa ufunguo halisi, yaani kitu kilichokaa mkobani kama mkate au mshale. Ukiuawa porini, muuaji akiukuta ufunguo anaweza kwenda kwako na kukomba kila kitu. Waliong'atwa mara moja wakajifunza kuweka ufunguo benki. (Nakiri hii ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Wizi haukuandikwa na yeyote kama kisa cha gemu, ulizaliwa wenyewe.) Nyumba isiyotembelewa na mwenyewe nayo ilichakaa hatua kwa hatua mpaka ikaanguka, na vyombo vyote vikamwagika chini. Wachezaji walizisaka nyumba zilizokaribia kuanguka, wakazizingira kama kunguru.

RuneScape ilikuja na njia ya pili tarehe 31 Mei 2006, ilipoleta ufundi wa ujenzi. Unamlipa dalali sarafu 1,000, unapewa nyumba Rimmington, kijiji kidogo chenye lango la duara. Watu elfu wanaweza kuingia lango hilohilo kwa dakika moja na kila mmoja akatokea kwake. Ujanja wenyewe ni mwepesi: ukiingia, seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, inachukua orodha ya vyumba vyako na kuviunganisha hapo hapo, ukitoka, inavivunja na kubaki na orodha tu. Nyumba ambayo hakuna aliyemo haigharimu karibu chochote, kwa hiyo viwanja haviwezi kuisha.

Lakini huko nako samani zina masharti yake. Sebule ina sehemu zilizopangwa tayari: tatu za viti, moja ya zulia, ya kabati la vitabu, ya meko, za mapazia. Kiti cha kwanza kabisa, kile duni, kinataka mbao mbili na misumari miwili, pamoja na nyundo na msumeno wako. Huwezi kukisogeza pembeni ya dirisha ukipenda. Ukishafuzu zaidi unaajiri mtumishi, na aliye bora kuliko wote ni zimwi lililovaa nadhifu linalokimbia kukuletea mbao. Kasoro ni kwamba huna jirani. Umepamba, umetandika, na asipokuja uliyemwalika hakuna atakayejua.

Final Fantasy XIV ilitaka vyote viwili, na hapo ndipo ilipojifunga. Vyumba vya ndani viko nyuma ya mlango, lakini kiwanja, ukuta na bustani viko mtaani, vinaonwa na kila mpita njia. Mtaa mmoja una viwanja 60. Kuna maeneo matano ya makazi, na mitaa ilipofika 30 kwa kila eneo, seva moja ikawa na viwanja 9,000. Idadi hiyo inaonekana kubwa hadi ukumbuke ni watu wangapi wanacheza kwenye seva hiyo. Kila mtaa unaoongezwa lazima ukae tayari muda wote, sanamu na chemchemi za watu 60 zikiwa mahali pake, hata kama hakuna anayepita. Mkuu wa gemu hiyo, Naoki Yoshida, ameshalieleza suala hili la uwezo wa seva mara nyingi.

Ndiyo maana Aprili 2022 kubofya kulibadilishwa kuwa bahati nasibu. Nayo ikaanza kwa aibu: baadhi ya viwanja vilivyoombwa na watu kadhaa vilitangaza namba ya ushindi kuwa 0, namba ambayo hakuna aliyepewa. Ilibidi irekebishwe.

Uhaba huohuo wa nafasi ndio unaoweka kikomo cha samani. Kwa miaka mingi nyumba ndogo ya FFXIV iliruhusu vitu 200 ndani na kubwa 400, kwa sababu kila mgeni anayeingia lazima kompyuta yake ipokee kila kikombe na mahali kilipo. Wapambaji ndio wanaoumia. Ukitaka rafu iliyojaa vitabu, utahesabu vitabu kama mtu anayehesabu chumvi.

Na bado watu hupenya. Ultima Online kwa muda haikuwa na piano, basi wachezaji wakaitengeneza kwa kupanga vitu kama makreti, vitambaa vilivyokunjwa na mabao ya drafti, kimoja juu ya kingine, mpaka jicho likakubali kwamba ile ni piano. Haikutoa sauti. Haikuhitaji.

World of Warcraft ilikaa miaka zaidi ya 20 bila nyumba za wachezaji. Ilipozileta mwishoni mwa 2025 ilitangaza mapema kwamba hakutakuwa na bahati nasibu wala kunyang'anywa. Ina vitongoji vya majirani kama FFXIV, ila vikijaa gemu hujifungulia kitongoji kingine.

FFXIV yenyewe bado hunyang'anya. Mwenye nyumba asipoingia ndani kwa siku 45, inabomolewa, na kuingia kwenye gemu tu hakutoshi. Lazima avuke kizingiti. Saa hiyo ya ubomoaji husimamishwa kukitokea maafa. Ilisimama wakati wa korona. Na tetemeko lilipopiga rasi ya Noto, Japani, tarehe 1 Januari 2024, nyumba za kwenye seva za Japani zilisamehewa kwa muda, kwa sababu baadhi ya wenyewe walikuwa hawana umeme, na pengine hata hizo nyingine, za matofali na mbao, hawakuwa nazo tena.