Popkin na falsafa ya mashaka: yanayosemwa na yalivyo

Mtajie mtu Richard Popkin, yule Mmarekani aliyeandika historia ya falsafa ya mashaka, utasikia aah huyo si ndo wale wasioamini Mungu. Tuanzie hapohapo, maana kitabu chake kikubwa cha 1960 karibu chote kinaivunja dhana hiyo.

Eti mwenye mashaka ni mpinga dini

Ulaya ya miaka ya 1500 watu waligombania kipimo cha kweli kiko wapi. Luther anasema kiko kwenye Maandiko na dhamiri, Roma inasema kiko kwa kanisa na mapokeo yake, na kila upande ukiuliza umejuaje kipimo chako ndo sahihi unarudishwa kwenye kipimo kilekile, yaani muuza nyama anakagua mizani yake kwa mizani yake. Erasmus, msomi Mkatoliki wa Uholanzi, mwaka 1524 akasema suala la hiari ya binadamu ni gumu, bora tushike la kanisa, na Luther akamjibu mwaka uliofuata kwamba Roho Mtakatifu sio mtu wa mashaka. Halafu maandishi ya Sextus Empiricus, tabibu wa Kigiriki wa enzi za Warumi, yakatoka kwa Kilatini, sehemu moja 1562 na nyingine 1569, na huyo mtafsiri wa 1569, Gentian Hervet, alikuwa Mkatoliki damu aliyeona kapata silaha ya kuwapigia Wakalvini, yaani Waprotestanti wafuasi wa Calvin: kama akili ya binadamu haina uhakika, nyie mnahama kanisa kwa uhakika gani? Kwa hiyo kumbe shaka iliingia kwenye ugomvi ule ikiwa imevaa kanzu ya padri.

Eti wanasema hakuna kinachojulikana

Wanashaka wanasingiziwa. Anayesema hakuna kinachojulikana ameshajifanya anajua kitu kimoja, na Sextus alijitenga na watu wa aina hiyo. Yeye anasema weka hoja huku, weka ya kuipinga huku, zikilingana acha kuhukumu, utulivu wa moyo utakuja wenyewe. Mfano wake naupenda sana, wa kitabibu kabisa: hoja zake ni kama dawa ya kuendesha, inasukuma uchafu wa tumboni na yenyewe inatoka humohumo. Yaani hata hoja zake hataki uzishikilie! Montaigne, mwandishi Mfaransa wa miaka hiyo ya 1500, alizipenda sentensi za Sextus mpaka akaziandikisha kwenye boriti za dari ya chumba chake cha vitabu, juu kwenye mnara kule Ufaransa, na mpaka leo ukiinua macho unazisoma. Zile stori za Pyrrho, Mgiriki wa kale anayehesabiwa mwanzilishi wa mashaka haya, kutokwepa mikokoteni mpaka marafiki wamvute pembeni zipo, ila hata zamani kuna waliozikataa. Wanashaka hawa walikula wakisikia njaa na kufuata mila za kwao kama wengine.

Eti Descartes ndo baba wa mashaka

Huyu mwanafalsafa Mfaransa alitumia shaka kwenye kitabu chake cha 1641 ili aiue shaka. Popkin sura moja anamwita mshindi wa mashaka, sura inayofuata anamwita mwanashaka bila kupenda, maana mlango alioufungua ulikataa kufungika.

Eti Popkin aliandika kitabu kimoja akamaliza

Kitabu kilikua naye. Kile cha 1960 kilianzia kwa Erasmus kikaishia kwa Descartes, 1979 kikafika kwa Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi wa miaka ya 1600, na 2003, miaka miwili kabla hajafariki, kikarudi nyuma mpaka Savonarola na kusonga mbele mpaka Bayle, mwanafalsafa Mfaransa aliyekuja baada ya Spinoza. Savonarola aliingiaje? Huyu mtawa mkali wa Florence miaka ya 1490 alitaka Sextus atafsiriwe, wanafalsafa wa kipagani wapigwe kwa fimbo yao wenyewe. Mtu wa dini tena, unaona.

Na wanaomdhania ni mzee wa vumbi la maktaba tu hawajui kwamba 1966 alitoa kitabu kuhusu mauaji ya Kennedy, rais wa Marekani. Tume ya Warren, ile ya serikali iliyochunguza mauaji hayo, ilishasema 1964 kuwa mtuhumiwa Oswald alifanya peke yake, Popkin akakusanya ushahidi wa watu waliodai kumwona Oswald mahali ambapo hakuweza kuwepo, akasema basi kulikuwa na Oswald wa pili, mtu wa kufanana naye. Mimi hapo sijashawishika, naona fundi wa kusimamisha hukumu safari hii alihukumu mapema, ila ukikisoma ni shida kukiweka chini.