Shingo Nyeusi Si Uchafu: Maswali ya Wazazi Kuhusu Kubalehe na Unene

Swali: Binti yangu ana miaka 11 na ni mnene. Shingo yake imekuwa nyeusi kwa nyuma. Namsugua kwa sabuni na brashi mpaka analia, lakini haitoki. Shida ni nini?

Jibu: Mama, weka hiyo brashi chini. Ngozi inayokuwa nyeusi na nene shingoni, makwapani au kwenye mapaja ya mtoto mnene mara nyingi ni dalili ya insulini kuzidi kwenye damu. Kongosho hutoa insulini ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye seli. Mtoto akianza kubalehe, homoni ya ukuaji hupanda na kuufanya mwili usiitikie insulini vizuri, awe mnene au mwembamba. Kongosho nalo huongeza bidii. Kwa wengi, kubalehe kukiisha mambo hurudi sawa. Lakini mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, mzigo huwa maradufu, na kongosho linaweza kulemewa. Ndiyo sababu kisukari cha aina ya pili, kikimpata mtoto, kwa kawaida huja katika miaka hii.

Swali: Mbona ameota matiti mapema kuliko dada yake?

Jibu: Mafuta mwilini hutoa leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ya nishati inatosha. Kwa hiyo wasichana wanene huelekea kubalehe mapema. Kuanza kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida. Akianza kabla ya 8, mpeleke kwa daktari.

Swali: Mwanangu wa kiume naye ana matiti. Wenzake wanamcheka, hataki tena kuvua shati.

Jibu: Wavulana wengi huvimba kidogo kifuani wakibalehe, kisha huisha kwenyewe. Kwa mnene, tishu za mafuta pia hugeuza sehemu ya homoni za kiume kuwa estrojeni, na mara nyingine kinachoonekana ni mafuta matupu. Daktari hutofautisha kwa kumgusa. Kicheko hicho kinamuumiza kuliko hayo matiti, basi nyumbani kisisikike.

Swali: Hedhi inaruka miezi, na ana chunusi na nywele kidevuni.

Jibu: Insulini nyingi husukuma ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Hedhi huyumba miaka ya mwanzo, ila ikikosekana zaidi ya siku 90, au nywele zikizidi, apimwe.

Swali: Hapa Nairobi nianzie wapi?

Jibu: Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Apimwe urefu, uzito, presha na sukari. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikifika asilimia 6.5, kwa kawaida hurudiwa ili kuthibitisha kisukari. Usimnyime chakula, bado anakua. Ondoa soda kwanza, na chipsi za kila jioni pale steji zipungue. Githeri na sukuma wiki vinatosha kabisa, mradi mafuta yasizidi. Acheze angalau dakika 60 kwa siku. Kama ploti haina uwanja, kuruka kamba kwenye ruufu kunafaa, palipo na ukuta wa kuzuia. Na familia nzima ibadilike, asitengewe sahani yake peke yake.

Akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara usiku au anakonda ghafla, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.