Kozi ya kutafuta kazi ianze mwaka wa kwanza

Kila mwaka, ikifika Machi au Aprili, foleni huanza mlangoni pa ofisi yangu chuoni, hapa Uganda. Ni wanafunzi wa mwaka wa tatu, wamebakiza mitihani tu, na karibu wote wana ombi moja: "Madamu, nisaidie kutengeneza sivii." Nawapokea wote. Lakini leo nataka kuwaeleza wanafunzi, na wazazi wanaouza ng'ombe na kuchukua mikopo ili walipe karo, kwa nini ombi hilo hunifikia likiwa limechelewa miaka miwili, na ni kitu gani hasa tunachofundisha katika kozi ya kupanga kazi na kutafuta ajira.

Sivii, yaani wasifu wa kuombea kazi (CV), ni mahali pa kuandika yaliyokwisha kutendeka. Mtu akinijia mwezi mmoja kabla ya kumaliza, tunachoweza kufanya ni kupanga vizuri kile alicho nacho, na mara nyingi ni jina la shule ya msingi, jina la sekondari, matokeo ya mitihani, na mstari wa mwisho unaosema anapenda kusoma na kutazama mpira. Hapo huweka kalamu chini nikaanza kuuliza maswali.

Mwaka juzi alikuja binti wa Malaba, mpakani na Kenya, anasoma uhasibu. Penye uzoefu wa kazi alikuwa ameacha wazi. Nikamwuliza likizo huwa anafanya nini.

"Nakaa nyumbani tu, Madamu."

"Ukikaa nyumbani unafanya nini?"

"Namsaidia shangazi kibandani."

Kibanda chenyewe ni cha pesa za simu, karibu na pale malori yanapopanga mstari kusubiri kuvuka mpaka. Nikamwambia anisimulie siku moja nzima, tangu kufungua hadi kufunga. Asubuhi anahesabu pesa taslimu, anatazama floti, yaani salio la pesa lililo kwenye simu, anaandika zote mbili kwenye kaunta buku. Mteja akitoa pesa, taslimu inapungua na floti inaongezeka. Akiweka, kinyume chake. Jioni anajumlisha taslimu na floti, na jumla lazima ilingane na mtaji wa asubuhi. Isipolingana hawafungi. Siku moja walikaa mpaka saa nne usiku wakitafuta shilingi 20,000, wakarudi nyuma kwenye ujumbe mmoja mmoja wa simu, ikaonekana mteja mmoja alitumiwa mara mbili. Aliyeliona kosa ni yeye.

Nikamwambia, "Binti yangu, hiyo ni kazi ya uhasibu. Ndiyo unayofundishwa darasani kila siku." Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba ameketi juu ya mali. Tukaandika: kwa likizo nne, alifungua na kufunga hesabu za wakala wa pesa za simu kila siku, alilinganisha taslimu na floti, alifuatilia tofauti mpaka chanzo chake. Mistari mitatu tu, tena yote kweli tupu, na mwajiri akimwuliza lolote juu yake kwenye usaili atajibu bila kubabaika kwa sababu aliyafanya kwa mikono yake.

Kulikuwa na jambo jingine. Penye lugha alikuwa ameandika Kiingereza na Kiteso. Kiswahili, ambacho alikitumia kutwa nzima na madereva kutoka Mombasa na Nairobi, hakukitaja. Nimeliona hili kwa wanafunzi wengi wa Busia, wa Tororo, hata wa Arua: wamelelewa katika nchi ambamo watu walikizoea Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi na ya sokoni, basi wanaona haya kukiweka kwenye karatasi rasmi. Linaniumiza kila mara. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, na sehemu kubwa ya urefu huo iko Tanzania. Kijana anayeandika barua safi ya Kiswahili na kuzungumza na fundi wa Tanga bila mkalimani ana kitu ambacho wenzake wengi hawana. Kiandike, na kiandike juu.

Sasa nifike kwenye neno ninalolisikia kuliko mengine yote: kujuana. Wanafunzi huniambia kazi za Uganda zinatolewa kwa watoto wa wakubwa, mkono mtupu haulambwi, kozi itasaidia nini? Siwezi kuwaambia upendeleo haupo, nimeuona. Ila kujuana kuna sura mbili, na wengi wanaijua moja tu. Miaka ya sabini mwanasosholojia Mmarekani, Mark Granovetter, aliwauliza watu wa mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, kazi zao walizipataje. Zaidi ya nusu walizipata kupitia mtu wanayemfahamu. Alipowauliza wale walioambiwa habari na mtu kwamba walikuwa wakionana naye mara ngapi, kiasi cha asilimia 17 tu walisema mara kwa mara. Asilimia 56 walionana naye mara moja moja, na asilimia 28 kwa nadra. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kaka yako na rafiki wa chumba chako hosteli wanajua yale yale unayoyajua wewe. Mtu uliyekutana naye mara tatu anaishi kwenye habari nyingine.

Kwa hiyo mwanafunzi asiye na mjomba wizarani hajafungiwa mlango. Mwalimu aliyewahi kumfundisha A-level, afisa wa benki aliyekuja kutoa mhadhara, aliyemtangulia miaka miwili na sasa yuko Soroti kwenye shirika la kilimo: hao ndio watu wake. Lakini huwezi kumpigia mtu simu mwezi wa mwisho wa masomo kwa mara ya kwanza ukamwomba kazi. Utamtia aibu na wewe utaaibika. Ukiwa mwaka wa kwanza unamwuliza tu habari: kazi yako ikoje, siku yako inaanzaje, nikitaka kuja huko nijifunze nini? Watu wazima hupenda kuulizwa hivyo, na wakikujibu leo watakukumbuka kesho.

Na hizo habari zenyewe zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Hapa hapa Uganda ulifanyika utafiti uliowaunganisha wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vijana waliowatangulia kazini, wakazungumza. Waliopata mazungumzo hayo waliingia kazini kwa wingi zaidi baada ya kumaliza. Kilichowasaidia zaidi ni kujua ukweli juu ya kazi ya kwanza ilivyo: kwamba huanza na malipo madogo, na kwamba hupanda kwa mtu anayevumilia. Kupigiwa debe kwa waajiri kulichangia kidogo. Addis Ababa nako watafiti waliwapa vijana warsha fupi ya kuandika maombi na kujieleza mbele ya mwajiri, pamoja na vyeti vilivyopima ujuzi wao. Miaka minne baadaye kipato chao kilikuwa juu kuliko cha wenzao wasiohudhuria. Warsha ya siku chache! Ndiyo maana sikubali kozi hii iitwe ya nyongeza.

Intanshipu, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ndipo ninapotumia muda mwingi. Vyuo vyetu vingi humpeleka mwanafunzi kazini kwa wiki nane hadi kumi, kwa kawaida baada ya mwaka wa pili, na kila mmoja hupewa daftari la kujaza kila siku. Nimesoma madaftari hayo mamia. "Jumatatu: nilipanga mafaili. Jumanne: nilipanga mafaili. Jumatano: nilimsaidia bosi." Daftari la namna hiyo halimsaidii mtu hata siku moja. Mafaili ya nini? Yalikuwa yamepangwaje ulipofika, na uliyaacha yakiwaje? Kijana mmoja aliyepelekwa ofisi ya wilaya alilalamika kwamba amepoteza wiki tisa stoo. Nilipombana, ikaonekana aliikuta stoo haina orodha, akaitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, na mpaka anaondoka mkuu wa stoo alikuwa akiitumia kutoa vifaa. Lakini hakuandika popote. Ilibidi turudi kwa yule mkuu wa stoo kumwomba barua, na kwa bahati njema alikumbuka.

Upande wa serikali una utaratibu wake, na huko waombaji hukwama kwa vitu vidogo. Wilaya nyingi bado zinataka fomu ya Utumishi wa Umma namba 3, nakala tatu, na picha. Nawafundisha kuijaza darasani, kila mtu kwa mkono wake, kwa sababu nimeona maombi ya mtu mwenye daraja la kwanza yakiwekwa kando kwa tarehe zisizolingana na vyeti vyake. Jina liwe lile lile kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye transkripti (hati ya alama zako za chuo) na kwenye fomu. Kama kuna herufi iliyobadilika tangu P7 (darasa la saba), anza kuisahihisha mapema, maana kiapo cha kubadili jina na safari za ofisi hadi ofisi hazimalizwi kwa wiki moja. Na Tume ya Utumishi wa Umma haimtozi mwombaji ada. Anayekudai kwa jina la Tume hiyo pesa ya fomu, ya vipimo vya afya, au ya "kusukuma faili" anakuibia, hata akiwa amevaa tai na kukukaribisha kwenye ofisi yenye bendera.

Juu ya barua ya ajira nitasema machache. Isome kabla ya kutia sahihi. Tazama kama mshahara uliotajwa ni kabla ya makato au baada yake. Kwa NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, wewe unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza asilimia 10 juu ya mshahara wako; kwenye mshahara wa shilingi 800,000 hiyo ni 40,000 kutoka kwako na 80,000 kutoka kwake, na PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, iko mbali na hapo. Tazama pia kipindi cha majaribio. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kisizidi miezi sita, na kikiongezwa, kiongezwe kwa ridhaa yako. Anayewekwa majaribio mwaka wa pili ajue anadhulumiwa.

Mwezi Agosti nitaanza na darasa la mwaka wa kwanza, kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha kozi hii. Sitawapa mfano wa sivii. Kazi yao ya wiki ya kwanza ni kununua daftari moja, na kila jioni kuandika jambo moja walilolifanya kwa ajili ya mtu mwingine, lilichukua muda gani na liliishaje. Yule binti wa Malaba amekubali kuja siku hiyo na kaunta buku la shangazi yake.