Mkataba wa jamii sio zawadi: majibu kwa malalamiko ya ujenzi wa mitaa baada ya vita

Malalamiko yamekuwa mengi mpaka tumeona bora tuandike mara moja kuliko kumjibu kila mtu dirishani hapa ofisi ya mradi. Mengi yanafanana: kamati ya mtaa imekula hela, mtaa wa pili wana mitaro na sisi bado, kijana wangu kabeba kifusi wiki nzima hajalipwa hata senti. Hatusemi watu wanalalamika kwa ubaya, mtu aliyerudi kwenye nyumba isiyo na paa subira yake imeshaisha zamani. Ila nusu ya malalamiko haya yanaanzia kwenye kitu kimoja, watu wanadhani hela ya ujenzi wa mtaa ni msaada unaogawiwa kama mafuta na unga. Sio. Ni mkataba, wakazi wanapewa hela wajijengee wenyewe kupitia kamati waliyoichagua, na waliosaini ni nyie.

Tahadhari kwanza: haya ni maelezo ya jumla, kila mradi una mwongozo wake na pale unapotofautiana na tunayosema hapa, mwongozo ndio unashika.

Utaratibu huu haukuanza jana. Sri Lanka miaka ya 1980, kwenye mpango wao wa nyumba milioni moja, walikuwa wanawapa wakazi wa mijini kandarasi za kujenga mitaro, visima na vyoo vyao wenyewe badala ya kumleta mkandarasi asiyemjua mtu pale mtaani. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wakauchukua wakaupeleka kwingine, na Afghanistan walikuwa na mabaraza ya wakazi mijini tangu miaka ya 1990. Mpango wa kitaifa wa vijijini ulipoanza huko mwaka 2003 ulifuata njia hiyohiyo, kila jamii ilichagua baraza lake kwa kura ya siri, ruzuku ilihesabiwa dola 200 kwa familia na haikuzidi dola 60,000 kwa baraza, na jamii yenyewe ilitakiwa ichangie walau asilimia 10, iwe hela, vifaa au nguvukazi. Sasa mtu akija ofisini anauliza "mbona sisi tunachangishwa na tumepigwa mabomu", jibu ni hilo, mchango ndio unaowapa nafasi ya kumkalia kooni fundi. Usipochangia chochote unageuka mtazamaji.

Halafu hili la nani ni wa mtaa na nani sio. Hapa ndipo mikutano inavunjika. Waliobaki wakati wa vita wanasema waliokimbia hawana sauti, waliokimbia wanasema waliobaki walijichukulia nyumba, na wote wawili wanakubaliana kwa furaha kabisa kwamba wapangaji wakae kimya. Jamani. Mpangaji ni mkazi. Mjane ambaye kiwanja kina jina la marehemu mume wake ni mkazi. Hata familia iliyoingia kwenye nyumba ya mwenyewe asiyekuwepo kwa sababu yao iliungua inaorodheshwa, kwa sababu nao wanatumia choo na wanatoa taka kama wewe. Kanuni za Pinheiro za mwaka 2005, ambazo ndizo mwongozo wa kimataifa wa kurudisha nyumba na ardhi kwa waliohamishwa, zinawataja wanawake, wapangaji na hao walioingia kwenye nyumba za watu, kila kundi na kifungu chake. Kuorodheshwa hakumpi mtu nyumba ya mwenzake, suala la umiliki linaenda kwenye chombo cha ardhi, kamati ya mtaa haina mamlaka nalo hata kidogo na mwenyekiti anayewaahidi vinginevyo anawadanganya.

Na kusaini karatasi ya mahudhurio sio kuuza kiwanja. Tumelisema hili mara nyingi mno, tunaomba iwe ya mwisho.

Kifusi. Usikiguse mpaka timu ya mabomu iseme pameshakaguliwa. Mosul, Iraq, vita vilipoisha Julai 2017, makadirio ya Umoja wa Mataifa yalikuwa karibu tani milioni 8 za kifusi, na ndani yake kulikuwa na mabomu yaliyotegwa mpaka kwenye milango na friji, na miili ya watu. Nchi nyingi hupaka jiwe rangi nyekundu kumaanisha hatari na nyeupe kumaanisha pameshasafishwa, lakini nyeupe ni ya pale palipowekwa alama tu, sio ua mzima wa jirani. Mabati na vigae vya zamani vya asbesto, ambavyo vumbi lake linaharibu mapafu, msivivunje vikiwa vikavu, vimwagieni maji kwanza, vavaeni barakoa na viwekeni pembeni peke yake. Na msifagilie kila kitu dampo, tofali zima na nondo iliyonyooshwa ni mali, kamati iziandike.

Kuhusu huyo kijana aliyebeba kifusi bila kulipwa: kuna kazi ya mchango na kuna kibarua, na shida ni kwamba kamati nyingi hazisemi ipi ni ipi. Kibarua anaandikwa jina, siku alizofanya na malipo kabla hajashika koleo. Kama jina halimo, sisi hatuna pa kumlipia. Watu wanapenda kutuletea ile hadithi ya wanawake wa Berlin walioinua mji kwa mikono mitupu baada ya Vita Kuu ya Pili, ni hadithi nzuri, ila walikuwa kama 60,000, walilipwa na walipewa kadi ya chakula ya daraja la juu kuliko mama wa nyumbani, na sehemu kubwa ya kifusi cha miji ya Ujerumani ilitolewa na makampuni yenye mashine. Kwa hiyo msiwachoshe watu bure mkisema ni uzalendo.

Sasa hela, na hapa someni polepole. Kamati inafungua akaunti ya benki kwa jina la kamati, sio la mwenyekiti, sio la shemeji yake mwenye akaunti tayari. Watia saini watatu, wawili wakiwepo ndio hela inatoka, na walau mmoja kati ya watatu awe mwanamke. Malipo yanakuja kwa awamu, kwa kawaida tatu au nne. Ya kwanza ni ya kuanzia. Ya pili haitoki mpaka injinia apime kazi na kamati ilete risiti za ya kwanza, zote, na muhtasari wa mkutano ambapo hesabu zilisomwa mbele ya watu na kubandikwa ukutani. Risiti isiyo na tarehe haiingii kwenye faili, inarudi kwako. Ya mwisho inazuiliwa mpaka kipindi cha uangalizi, cha kuona kama kazi inadumu, kiishe, ndio maana mtaro umeisha na bado kuna hela hamjaiona, haijaliwa na mtu.

Adhabu zipo na tunazitumia. Hesabu zisiposomwa, awamu inayofuata inasimama. Hela ikitumika nje ya mkataba, hata kwa jambo jema kama mazishi, inarudishwa na waliosaini, sio na mtaa. Vifaa vikiuzwa, jalada linaenda kwa vyombo vya dola na kamati inachaguliwa upya. Kazi ikiwa chini ya kiwango inabomolewa kwa gharama ya aliyeijenga. Kamati iliyovunjiwa mkataba mara mbili haipewi mwingine, na hapo mtaa wote unaumia kwa ajili ya watu watatu, tunajua, ndio maana tunasema muwachague vizuri. Kumchagua mtu kwa sababu alikuwa na bunduki na mnamwogopa ni jambo tunalielewa, kura ya siri iliwekwa kwa ajili hiyohiyo.

Mwenye malalamiko aanzie kwenye mkutano wa mtaa, yaandikwe kwenye muhtasari, kisha aje ofisini na namba ya mkataba na nakala ya huo muhtasari. Kama unamlalamikia mwenyekiti mwenyewe au unahofia usalama wako, ruka hatua ya mkutano, tumbukiza barua kwenye sanduku la malalamiko au mwone ofisa wa kike au wa kiume uliyemchagua, jina lako halitasomwa popote. Siku za kupokea watu zimebandikwa mlangoni.