Je, wajua kwa nini watu usiowajua vizuri ndio wanaokuza jina lako LinkedIn?

Mhitimu wa chuo hapa Mwanza akifungua akaunti ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, huanza na watu wake: waliosoma naye Malimbe, binamu aliyeko benki, mwalimu wa kwaya, jirani wa Buhongwa. Wote wanamkubalia siku hiyohiyo. Anaandika posti ya kwanza, "Nina furaha kuwatangazia kwamba...", na laiki zinamiminika, nyingi za ndugu. Ya pili inapata chache. Ya tatu, kimya. Miezi inapita, namba ya wafuasi imeganda palepale. Halafu siku moja anaacha komenti ya mistari minne kwenye posti ya mtu wa Kisumu asiyemjua kabisa, akieleza dagaa hukaushwaje mvua za masika zinapogoma kuacha. Wiki haijaisha, watu asiowahi kuwasikia wanaanza kumfuata. Ndugu walimpongeza kwa moyo wote na hakikutokea kitu. Mgeni mmoja wa ng'ambo ya ziwa akamfungulia mlango. Kwa nini iwe hivyo?

Jibu limo katika namna mtandao wenyewe ulivyojengwa. LinkedIn ilianzishwa Desemba 2002 na Reid Hoffman na wenzake, ikafunguliwa kwa umma Mei 2003, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na mwaka 2023 ikatangaza kuwa imevuka wanachama bilioni moja. Wazo lake tangu mwanzo ni kwamba kazi hupatikana kupitia watu, na watu hao nao wana watu wao. Ndiyo maana pembeni ya majina utaona namba 1, 2 au 3. Namba 1 ni yule mliyekubaliana kuunganishwa. Namba 2 ni mtu wa mtu wako. Namba 3 yuko hatua moja mbele ya huyo. Binamu wa benki ni 1. Meneja wake ambaye hujawahi kumtia machoni ni 2. Hadhira yako hukua pale tu maneno yako yanapovuka kutoka kwa namba 1 kwenda kwa 2 na 3. Yasipovuka, unaongea na ukoo wako, na ukoo ulishakufuata wote.

Sasa, kwa nini walio mbali wawe na faida kuliko walio karibu? Swali hili ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyotokana na mahojiano na watu wa eneo la Boston waliokuwa wamebadili kazi karibuni, watu wa taaluma, ufundi na uongozi. Aliwauliza wale waliopata kazi kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja. Na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo. Wanaotupenda zaidi hawakuwa ndio waliotuletea habari.

Anayeshinda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, haoni ajabu katika hilo. Mama anayeuza dagaa hapati habari ya bei ya Bukavu, kule Congo, kutoka kwa shoga yake wa meza ya pili, maana shoga anajua yaleyale anayoyajua yeye: wanakaa soko moja, wananunua kwenye mitumbwi ileile, jioni wanapanda daladala moja. Habari mpya anaipata kwa dereva wa lori anayepita mara moja kwa mwezi, au kwa mnunuzi Mkongo ambaye jina lake kamili halijui. Shoga atamkopesha, atamlelea mtoto, atamlilia akifiwa. Ila bei ya Bukavu haijui.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2022, katika jarida la Science. Safari hii jaribio lilifanyika ndani ya LinkedIn yenyewe. Kwa miaka 5, kuanzia 2015 hadi 2019, mtandao huo ulikuwa ukibadilisha kidogokidogo orodha ya watu ambao mtumiaji anapendekezewa kuungana nao. Wengine wakaletewa zaidi watu wa karibu, wengine wa mbali. Waliohusika walizidi milioni 20, na hawakuambiwa kwamba wamo kwenye jaribio, jambo lililozua maneno baadaye, na kwa haki. Katika kipindi hicho ziliundwa koneksheni, yaani miunganisho ya mtu na mtu, mpya bilioni 2 na zikahesabiwa ajira mpya 600,000. Watafiti wakakuta kwamba walio mbali husaidia zaidi mtu kuhama kazi, lakini si mbali kupita kiasi. Aliyefaa zaidi ni yule wa kati: hamfahamiani sana, ila mna watu kadhaa mnaowafahamu wote wawili.

Kuna kipengele cha utafiti huo ambacho wauza semina hukiruka, nacho kinatuhusu sana sisi wa kandokando ya ziwa. Matokeo hayo yalikuwa na nguvu zaidi katika sekta zinazotegemea teknolojia za kidijitali. Katika sekta ambazo hazitegemei sana kompyuta, watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi. Kwa hiyo kijana anayetafuta kazi ya kupakua mizigo bandarini, au nafasi kwenye mtumbwi wa mjomba, LinkedIn haitamfaa kitu na asipoteze bando. Mtaalamu wa maabara, mhasibu, mhandisi, ofisa ubora wa kiwanda cha minofu ya sangara, mtu wa programu za kompyuta: hao ndio mtandao huu unaweza kuwabeba.

Tukitoka kwa watu twende kwa mashine. Posti yako haionyeshwi kwa wafuasi wako wote kwa mpigo. Mfumo huichuja kwanza ili kuona kama ni takataka, kisha huipeleka kwa baadhi ya watu na kuangalia wanafanya nini nayo. Wakiipita kama daladala iliyojaa, inafia hapo. Wakisimama, inasogezwa kwa wengine. Mwaka 2020 wahandisi wa LinkedIn walieleza hadharani kwamba wanapima hata muda ambao mtu anatumia kwenye posti, hata kama hakubonyeza chochote. Laiki ya binamu aliyebonyeza bila kusoma haina uzito kama unavyodhani.

Komenti ni jambo jingine kabisa. Mtu wako akiandika komenti ya maana chini ya posti yako, posti hiyo inaweza kutokea kwenye ukurasa wa watu wake, na hao kwako ni namba 2. Na wewe ukiandika komenti chini ya posti ya mwingine, unasimama mbele ya hadhira yake bila kuombwa kiingilio. Yule mhitimu wetu ndicho alichokifanya. Mtu wa Kisumu alikuwa tayari na wasomaji wanaojali dagaa. Mistari minne yenye ujuzi ilitosha wao kubonyeza jina na kutazama huyu ni nani. Kwa maoni yangu, anayeanza angetumia muda mwingi zaidi kwenye komenti kuliko kwenye posti zake mwenyewe. "Hongera sana" na "Safi kiongozi" hazihesabiki hapa. Hakuna aliyewahi kumfuata mtu kwa sababu aliandika "Safi kiongozi".

Halafu kuna yaliyomo. Mwaka 2023 wasimamizi wa LinkedIn walisema wamebadilisha mfumo ili posti zenye ujuzi na ushauri zipewe nafasi zaidi, na ili wanaokufuata waone zaidi unachoandika. Mwaka mmoja kabla walikuwa wametangaza kupunguza zile posti zinazoomba laiki waziwazi, za aina ya "bonyeza hapa kama unakubaliana nami". Habari hiyo ni njema kwa mtu wa Mwanza kuliko anavyojua, kwa sababu maneno ya hamasa yameshajaa kila kona ya dunia na hakuna anayemhitaji mwingine wa kuyarudia, lakini ujuzi wa ziwa hili wanao wachache na wengi wao hawauandiki.

Chukua dagaa tena. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga hubeba mchanga, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Waliokaushwa juu ya vichanja hubaki safi, hufaa kuliwa na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Kila mtoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anajua. Lakini ofisa lishe wa Dodoma hajui, mwekezaji wa Nairobi hajui, mtafiti wa Ulaya amesoma kwenye ripoti tu. Picha moja ya viganja viwili, kimoja cha dagaa wa mchanga na kingine cha dagaa wa kichanja, na aya tatu zinazoeleza tofauti inatoka wapi, zinamsimamisha msomaji wa namna hiyo. Muda wake unapimwa. Posti inasogea.

Au chukua sangara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia sokoni kwake, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya Mwanza vilipata pigo, na tangu hapo mnunuzi makini wa huko anataka kujua samaki kapita mikono ya nani. Ofisa ubora anayeeleza kwa utulivu jinsi barafu inavyowekwa ndani ya boti, au kwa nini sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, anajibu swali ambalo mtu fulani mbali analiuliza kila siku. Asitaje siri za mwajiri wake, bila shaka. Wapo waliopoteza kazi kwa posti moja ya kujisifu.

Hata habari ambayo kila mtu anayo inaweza kubeba ujuzi. Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, picha zake zilijaa kila simu. Picha ya elfu moja haiongezi kitu. Msafirishaji aliyekuwa akisubiri kivuko na mzigo wa samaki, akaeleza namna alivyopanga upya muda wa safari na kiasi cha barafu, ameandika kitu ambacho hakuna mwingine angekiandika.

Namna ya kuanza posti nayo ina sababu zake. LinkedIn inaruhusu herufi 3,000 kwa posti, lakini msomaji huona mistari michache ya mwanzo tu, kisha lazima abonyeze ili aone iliyobaki. Sisi tuna adabu ya kuanza na salamu: "Habari za asubuhi ndugu zangu, natumaini mu wazima wa afya." Ni tabia njema, na barazani isiachwe. Kwenye posti salamu hiyo inakula mistari ileile ambayo ingemwambia msomaji kwa nini abonyeze. Anza na dagaa. Salamu zipeleke kwenye majibu ya komenti, huko ndiko mnakozungumza mtu na mtu.

Mstari ulio chini ya jina lako una nafasi ya herufi 220, na huonekana kila unapoacha komenti. "Mtafuta fursa" hauelezi chochote. "Mkurugenzi Mtendaji" wa kampuni yenye mtu mmoja humchekesha msomaji tu. "Ofisa ubora wa minofu ya sangara, Mwanza" hauna mbwembwe, ila mgeni anaelewa papo hapo kwa nini akufuate.

Vikundi vya WhatsApp vya "nifuate nikufuate" havifai, na si kwa sababu ya maadili pekee. Kwanza, sera za LinkedIn zinakataza watu kupatana mapema kulaikiana na kusambaziana posti. Pili, ukikusanya wafuasi 2,000 wasiojali samaki, posti yako ya samaki itaanza kuonyeshwa kwa watu wasioisoma, nao wataipita, na kupita kwao kutahesabiwa dhidi yako. Umejijengea ukuta kwa mikono yako. Na namba yenyewe hudanganya: ukishapita koneksheni 500, wasifu wako huandika 500+ tu, uwe na 501 au 9,000. Kikomo cha koneksheni ni 30,000. Wafuasi hawana kikomo, maana wao hawakuhitaji kukubaliwa nawe.

Linabaki swali la lugha, ambalo huulizwa kila mara mada hii inapozuka. Wapo wanaoshikilia Kiingereza hata wanapowaandikia watu wa Geita, na sioni kwa nini. Biashara ya Mwaloni inakwenda Congo, Rwanda na Burundi; mnunuzi wa Bukavu au Bujumbura anasoma Kiswahili bila shida na huenda Kiingereza kinampiga chenga. Wa Ulaya ni kinyume. Ukiwataka wote wawili, andika posti mbili siku tofauti, na usihamishe moja neno kwa neno kuwa nyingine: wa Bukavu anataka kujua bei ya gunia na lori linaondoka lini, wa Ulaya anataka majibu ya maabara na samaki alivyofuatiliwa tangu mwaloni.